Nyumba Isiyogusa Maharagwe

Mwezi wa Kuchuma, siku ya 1

Naandika kwa sababu sina wa kuongea naye. Nyumba imejaa wanaume, wanakula mkate wangu asubuhi na jioni, na wengi wao hawasemi neno. Wamo katika miaka yao mitano ya kunyamaza. Ndiyo sheria ya kuingia hapa: kwanza unafunga mdomo miaka mitano, ndipo unaruhusiwa kuuliza swali. Mmoja wao ni mwanangu Nikandro, ambaye siku niliyomzaa alilia mji mzima wa Eraia ukasikia. Huu ni mwaka wake wa nne. Nikimuuliza kama chumvi imekolea, anainamisha kichwa. Sijui maana yake ni ndiyo, au ni mama niache nile.

Mwenye nyumba ni mdogo wangu Timareto. Mji unamwita Mwalimu. Mimi nilimfuta kamasi, kwa hiyo namwita Timareto.

Leo tumeanza kuchuma zeituni. Mti mkubwa wa nyuma umebeba vizuri. Mawingu yako mbali, juu ya milima.

Siku ya 3

Nimekutana na Bato sokoni, anauza vitunguu, amenenepa. Wanafunzi wawili walipita mbele yake kama wanapita mbele ya ukuta. Bato alikuwa mwenzao. Alishindwa na masharti akatoka, na mtu akitoka au akifukuzwa, wenzake humhesabu amekufa. Wanamsimikia jiwe la kaburi uani kwetu, lenye jina lake. Kila asubuhi nafagia kuzunguka kaburi la Bato, kisha nakwenda kununua vitunguu kwa Bato.

"Jiwe langu linaendeleaje, mama Filista?" aliniuliza.

"Linaota ukungu upande mmoja."

"Lipanguse basi. Nisije nikaonekana marehemu mchafu."

Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani sikuwa na wa kumhadithia.

Siku ya 4

Timareto amekohoa usiku kucha. Nimempa asali na siki. Amenishukuru, kisha akaniuliza kama jana nilikula maharagwe kwa jirani. Nikasema sikula. Nilikula.

Hapa hatuli nyama, kwa sababu anasema roho haifi, inahama. Leo iko ndani ya mtu, kesho ndani ya mbwa au ng'ombe, na hujui unachinja nani. Hilo nalielewa. Lakini maharagwe hata kuguswa hayaguswi. Anasema bua la mharagwe halina kifundo hata kimoja, ni bomba tupu kutoka kuzimu, na roho za wafu hupandia humo zikirudi duniani. Nikamwambia mama yetu alitulea kwa mchuzi wa maharagwe na tukakua. Akasema, "Ndiyo maana nakuombea, dada."

Siku ya 5

Manyunyu.

Siku ya 7

Leo imetokea balaa, na limetoka mdomoni mwa mdogo wangu.

Kila mwaka katika siku hii mji humchinjia mungu Zeu ng'ombe, ili azuie mvua mpaka zeituni zote zitoke mitini. Mwaka huu ng'ombe alitolewa na Stratipo, mkuu wa mji. Watu walijaa uwanjani na vyungu vyao, maana baada ya kuchinja kila nyumba hupewa nyama, na wako ambao hawaionji nyama mpaka siku hii irudi tena. Kuhani alimmwagia ng'ombe maji kichwani. Desturi yetu ni kwamba lazima ng'ombe mwenyewe akubali: maji yakimgusa anatikisa kichwa, na hiyo ndiyo ruhusa yake. Yule ng'ombe hakutikisa. Alisimama maji yakimchuruzika puani, halafu akalia, sauti ndefu, nzito, ya kukereka.

Timareto akatoka katikati ya watu. Sikumwahi. Akaenda moja kwa moja, akamwekea ng'ombe mkono shingoni.

"Mwacheni," akasema. "Sauti hiyo naijua. Huyu ni Gelo."

Gelo alikuwa baba yake Stratipo. Alifariki mwaka jana. Watu wakaanza kucheka, kisha wakamwangalia Stratipo wakaacha.

"Unasema baba yangu ni ng'ombe?" Stratipo akamuuliza.

"Nasema ng'ombe huyu ni baba yako," Timareto akajibu, kwa upole, kama anayemsaidia mtoto kwenye hesabu.

Kuhani alimwaga maji tena, na tena. Ng'ombe akabaki na mkono wa mdogo wangu shingoni, ametulia tuli. Kuhani akaogopa. Akakirudisha kisu kwenye kikapu cha shayiri kilimokuwa kimefichwa, na watu wakarudi makwao na vyungu vitupu.

Nilimpasha njia nzima. Nikamwambia kama ulikuwa na la kusema kuhusu baba wa watu, ungemnong'oneza. Akasema hapakuwa na muda, kisu kilikuwa karibu. Wala hakuwa na wasiwasi.

Siku ya 8

Mvua.

Siku ya 9

Mvua.

Siku ya 11

Mvua. Zeituni zinaanguka zenyewe na kuoza matopeni. Nimechuma kapu moja tangu asubuhi, nusu yake nimeitupa. Jirani yangu ambaye hunipa maharagwe alinipita njiani bila salamu.

Siku ya 14

Asubuhi tumekuta kizingiti kimemwagiwa maharagwe. Si machache, ni gunia zima, kutoka ukutani hadi ukutani. Wanafunzi walifika mlangoni wakasimama. Hakuna aliyethubutu kukanyaga. Vijana wa mjini walikuwa ng'ambo ya barabara, wanajishika mbavu.

"Tokeni, nyie mabubu! Au mnaogopa kumkanyaga bibi yenu?"

Wanaume wazima wakarudi ndani wakaketi. Mwanangu akaketi nao, mikono magotini. Nilichukua ufagio nikatoka mwenyewe kwenye mvua, nikafagia, vijana wakinihesabia kila mpigo. Niliona haya. Na niseme kweli, sikuwaonea haya wale vijana. Niliona haya kwa ajili ya watu wangu.

Lakini jioni hii nawaza jambo jingine. Waliomwaga wamejifunza kitu leo. Mji mzima sasa umeona kwa macho yake kwamba maharagwe yanaweza kuwafunga watu wetu bila kamba.

Siku ya 15

Mvua. Kifua cha Timareto kibaya.

Siku ya 20

Amekuja tarishi wa mji, amelowa mpaka mifupani, na hakutaka kuingia kuota moto. Timareto anashitakiwa kwamba aliuzuia mji usiipe miungu haki yake. Kura itapigwa mwezi ukiwa mpevu, mwezi ujao. Akishindwa, nyumba itabomolewa siku hiyohiyo naye atatolewa mipakani kabla jua halijatua.

Kutolewa mipakani ni kwenda wapi? Bahari imeshafungwa, hakuna nahodha atakayeondoka mpaka baridi ipite. Imebaki njia ya milimani, na kule theluji imeanza. Kwa kifua kile hafiki hata kwenye pito la kwanza. Wote wanajua. Wanasema kutoa mipakani kwa sababu ni neno safi.

Siku ya 21

Nimezungumza na Bato. Ana masikio kila kibanda sokoni.

"Mji umegawanyika katikati," aliniambia. "Wako waliokosa nyama na zeituni, hao wanamtaka aondoke. Wako ambao aliwatibu na kuwapatanisha, hao watamtetea. Mimi mwenyewe nitampigia abaki."

"Wewe? Wewe si maiti?"

"Maiti mwenye kura, mama. Na kura zikilingana anabaki, hiyo ni sheria ya zamani. Wanafunzi wake wenye haki ya kupiga kura wanatosha kabisa kumwokoa." Kisha akaacha kutabasamu. "Ila unajua tunapigia nini."

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu tarishi alipofunga mdomo wake, nikawa najizuia nisilifikirie. Eraia tunapigia kura maharagwe. Kila mwanaume anatwaa mawili kikapuni, jeupe na jeusi, anayafumba kiganjani, moja analitia kwenye chungu cha kura na jingine anakwenda kulitupa. Jeupe abaki, jeusi aondoke.

Watu pekee wanaompenda kiasi cha kumfia hawawezi kutia mkono kikapuni, kwa sababu aliyewakataza ni yeye.

Siku ya 22

Nimemwendea asubuhi alipokuwa anapiga uzi wake mmoja wa kinubi na kusikiliza, kama afanyavyo akitaka kutulia. Anasema dunia nzima imepangwa kwa hesabu kama nyuzi, na hata nyota zinaimba, basi tu masikio yetu yamezizoea.

"Waruhusu siku moja," nikamwambia. "Siku moja tu, Timareto. Waguse, wapige kura, waoge, yaishe."

"Siwezi, dada."

"Nani anakuzuia? Si sheria yako mwenyewe?"

"Ingekuwa yangu ningeibadilisha." Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Watu wameacha wake zao kwa ajili ya neno hili. Bato tumemzika kwa ajili yake. Leo linauma kwangu, nilegeze? Kesho nitamwambia nini Bato?"

"Bato hujazungumza naye miaka saba."

"Ndiyo hapo."

"Utakufa milimani kwa ajili ya mboga."

"Nitakufa popote pale, Filista. Unaniombolezea kama hujawahi kunisikiliza."

Nilimwambia nimemsikiliza maisha yangu yote na ameniletea nyumba ya mabubu. Nikatoka. Namchukia leo. Naandika hivyo na sifuti.

Mwezi wa Kukamua, siku ya 1

Zeituni zilizobaki zimekwenda kukamuliwa. Mafuta machache, machungu. Mvua haijakata.

Siku ya 3

Nilipata wazo. Nilikwenda kwa kuhani nikamuuliza kama mtu anaweza kutwaa kura yake kwa jani la mtini, au kwa kitambaa, kwa sababu ya vidonda mkononi. Kuhani akacheka vibaya. Kumbe walishafikiria kabla yangu. Wamepitisha kwamba mikono iwe mitupu, na wazi, mbele ya macho ya wote, eti kuzuia wizi wa kura.

Siku ya 6

Stratipo amekuja. Mchana, peke yake, na joho lake linachuruzika maji. Nilidhani amekuja kututisha nikasimama mlangoni na ufagio. Akasema hamtaki Timareto, ananitaka mimi.

Tulikaa jikoni. Alizungusha kikombe muda mrefu bila kunywa.

"Mama Filista, ndugu yako anasikia nini anaposikia?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nasikia ng'ombe."

"Mimi na mzee tulikosana. Kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alikufa hatusemezani." Akaweka kikombe chini. "Yule ng'ombe bado yuko zizini kwangu. Nilisema nitamchinja siku ileile nyumbani. Sijamchinja. Namlisha kwa mkono wangu. Mke wangu anadhani nimerukwa na akili."

"Basi iondoe kesi."

"Siwezi, imeshatoka mikononi mwangu. Watu wamepoteza mafuta ya mwaka mzima." Alipofika mlangoni akageuka. "Nikimwita Gelo anageuza shingo. Lakini ng'ombe yeyote si angegeuza?"

Nikamwambia ng'ombe yeyote angegeuza. Sijui kwa nini nilipomwambia hivyo nilimwonea huruma.

Siku ya 9

Nimefanya vibaya.

Nilimkuta Nikandro anapasua kuni. Nikamwambia mjomba wako anauawa nawe unapasua kuni. Nikamwambia wewe ukitia mkono tu kikapuni wengine watafuata. Akainamisha kichwa. Ile inama-inama ndiyo iliyonimaliza.

"Nilizaa mtoto," nikamwambia. "Sasa nina kiti. Kiti hukaa kinapowekwa, na hakisemi."

Aliweka shoka chini, taratibu, akaenda zake. Jioni hakula mkate wake. Naliona kosa langu wazi: namtaka avunje sheria, na siku akivunja watamsimikia jiwe karibu na la Bato. Nilikuwa namwomba mwanangu afe ili ndugu yangu aishi, na nilimtukana juu yake.

Siku ya 10

Mvua.

Siku ya 12

Timareto anatema damu kidogo. Ameficha kitambaa, nimekiona. Amenishika mkono akaniambia nisihangaike. Nilitaka kuendelea kumchukia nikashindwa. Haringi, na ukaidi wake si wa kiburi. Ni mtu anayeogopa kusema uwongo kuliko anavyoogopa theluji, na wa namna hiyo sijapata kuona mwingine.

Siku ya 14

Kesho.

Siku ya 15

Wanawake hatupigi kura, kwa hiyo tulipanda mapaa. Nilikuwa juu ya paa la mfinyanzi, nimejifunika gunia. Mvua ilikuwa nyembamba. Timareto alikaa kwenye kigoda mbele ya vyungu, mikono ndani ya joho, kama mgeni aliyealikwa.

Wanaume walipita mmoja mmoja. Kikapu, kiganja, chungu. Huwezi kujua nani katia lipi. Bato alipita na kutia kwa mbwembwe, akaniangalia juu ya paa. Stratipo alipita, uso kama jiwe.

Kisha zamu ya wanafunzi. Wa kwanza akafika kwenye kikapu, akasimama, akamwangalia Mwalimu, akapita mikono mitupu. Watu wakazomea. Wa pili akapita. Wa tatu alikuwa analia, machozi yanatiririka, na akapita. Vijana walikuwa wanapiga makofi kwa kila mkono mtupu.

Nikandro alikuwa wa mwisho.

Alifika. Hakumwangalia Mwalimu. Akapandisha mkono wa vazi mpaka kwenye kiwiko, akautia mkono kikapuni wote, kama mtu anayetafuta kitu kisimani, akautoa na maharagwe mawili. Zomeazomea ikakatika. Akatia moja kwenye chungu, jingine akalitupa. Nikaona Timareto amefumba macho.

Walihesabu wakarudia. Zililingana, nyeupe na nyeusi, sawa kwa sawa. Mshitakiwa anabaki.

Sikumbuki nilivyoshuka paa. Nilimkuta Nikandro nje ya lango la uwanja, peke yake, wenzake wanampita kama ukuta. Alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kana kwamba umeungua. Nilitaka kumwomba radhi kuhusu kile kiti. Akanitangulia.

"Chumvi ilikuwa imekolea, mama," akasema. "Siku zote."

Sauti imekuwa nzito. Niliiacha ya kijana, nimeikuta ya mwanaume.

Siku ya 16

Wamesimika jiwe. Timareto hakumwachia mtu. Alilibeba yeye, na kifua kile, akachimba yeye, akachonga jina yeye. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Alipomaliza aliketi matopeni karibu na jiwe mpaka nilipokwenda kumwinua.

"Ameniokoa," akaniambia, "na nimemzika. Niambie nimekosea, dada."

"Umefuata sheria yako."

"Sikukuuliza hilo."

Siku ya 17

Nikandro amepata kazi kwa Stratipo. Anamtunza yule ng'ombe. Stratipo alikuja kumchukua mwenyewe. Nimempelekea mwanangu mchuzi wa maharagwe kwa kitunguu cha Bato. Alikiangalia kijiko muda mrefu kabla ya kula. Kisha akaongea mpaka nikachoka kumsikiliza, na sikutaka anyamaze.

Siku ya 18

Nafagia kuzunguka mawe mawili.

Siku ya 21

Mvua imekatika. Jua limetoka na kila kitu kinafuka mvuke.

Timareto amesema anataka kutembea. Nikamuuliza upande gani, akasema popote. Wanafunzi wakatufuata kwa nyuma kama kawaida, kimya. Mimi nilishika mkono wake, na sikumwongoza. Yeye ndiye aliyekata kona kwenye njia ya mazizi.

Tulikuwa bado mbali na ua wa Stratipo tuliposikia mtu anamwita ng'ombe: "Gelo! Gelo, mzee, njoo!" Timareto akasimama katikati ya njia. Nikahisi mkono wake umekaza.

"Sauti hiyo naijua," akasema.

Nyuma yetu wanafunzi waliangalia chini wote.

"Ni kijana wa Stratipo," nikamwambia. "Mchunga ng'ombe. Kafika juzi."

"Kabla ya hapo alikuwa wapi?"

"Alikufa," nikasema. "Jiwe lake liko uani kwako."

Akatikisa kichwa, mara moja, polepole. Akauachia mkono wangu, akaenda mwenyewe mpaka kwenye ua. Nikandro alimwona, akaangusha majani aliyoshika, akasogea asijue akae vipi. Mdogo wangu akapitisha mkono juu ya ua, akamwekea shingoni, palepale alipomwekea ng'ombe, akauacha hapo.